Bomba la Shaba na Wati 30: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Maabara ya Joto

Mwishoni mwa muhula mmoja niliketi kusahihisha ripoti nne za jaribio lilelile, jaribio la myuko huru, yaani namna hewa inavyopokea joto kutoka kwenye kitu cha moto na kupanda yenyewe bila feni wala pampu ya kuisukuma. Makundi matatu yaliandika kwamba kizigeu cha uhamishaji joto kutoka kwenye bomba kwenda hewani ni kati ya 4.4 na 4.7, kwa kipimo cha wati kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzijoto moja. Kundi la nne liliandika 15.2. Kitabu kinatoa 4.5. Nikayapa makundi matatu ya kwanza alama nzuri na kundi la nne alama ndogo kuliko yote, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Rudieni hesabu." Kosa lilikuwa langu, na namna nilivyolifahamu ndiyo kisa ninachokichambua hapa, kwa sababu vifaa vya aina hii viko katika maabara nyingi za vyuo vyetu na naamini yaliyotokea kwetu yanaweza kutokea popote.

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Bomba la shaba lenye kipenyo cha milimita 38 na urefu wa milimita 500 limesimamishwa wima katikati ya sanduku refu la mbao lililo wazi juu na chini, lenye kioo upande wa mbele. Ndani ya bomba mna hita ya waya uliozungushwa kwenye kiini cha udongo wa kuchomwa, na ncha zote mbili zimezibwa kwa vifuniko vya bakelaiti, plastiki ngumu inayostahimili joto. Kwenye ukuta wa bomba zimeshikizwa themokapo saba, T1 ikiwa chini na T7 juu kabisa. Kila themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, nazo hutoa volteji ndogo sana inayobadilika kadiri halijoto ya kiungo inavyobadilika. Themokapo ya nane inaning'inia chini ya mdomo wa sanduku ili ipime hewa inayoingia. Nje ya sanduku kuna transfoma ya kurekebisha volteji, voltimita na amita. Makundi yote manne yalitumia volti 60 na mkondo wa ampea 0.5, kwa hiyo hita ilikuwa inakula wati 30. Eneo la uso wa bomba ni mita za mraba 0.0597.

Karatasi ya maelekezo, iliyokuwa ikirudufiwa mwaka hadi mwaka, ilimwambia mwanafunzi achukue wati hizo 30, azigawanye kwa eneo la bomba, kisha azigawanye tena kwa tofauti ya halijoto kati ya bomba na hewa, na jibu atakalopata ndilo kizigeu cha myuko. Baada ya hapo alilinganishe na kanuni ya kitabu. Ukiisoma haraka, huoni ubaya wowote.

Siku mbili baada ya kurudisha ripoti, kiongozi wa kundi la nne alikuja ofisini akiwa na daftari la vipimo, si ripoti iliyochapwa, akasema kwa adabu: "Mwalimu, hesabu tumeirudia mara tatu. Namba ni ileile." Nikalichukua daftari. Kurasa zilikuwa na alama za vidole na namba zilizokatwa na kuandikwa upya, kama yalivyo madaftari ya watu waliosimama mbele ya kifaa kwa saa nzima. Tofauti ya halijoto waliyoandika ni nyuzi 33. Ukigawanya 30 kwa 0.0597 kisha kwa 33 unapata 15.2, bila shaka yoyote. Hesabu ilikuwa sahihi.

Hapo nikarudi kwenye ripoti zile tatu nzuri na kufanya nililopaswa kulifanya tangu mwanzo, nikaipitisha hesabu kinyumenyume. Kama wati 30 zote zinakwenda hewani na kizigeu ni 4.5, basi tofauti ya halijoto lazima iwe karibu nyuzi 112, na bomba lazima liwe na nyuzi 141 za Selsiasi katika chumba chenye nyuzi 29. Na kweli, ripoti hizo zilikuwa na majedwali yenye halijoto za karibu nyuzi 140, zikipanda kwa mpangilio mzuri kutoka T1 hadi T7. Bomba lile halijawahi kufika nyuzi 140 kwa wati 30. Wanafunzi walikuwa wameanza na jibu la kitabu, wakatengeneza vipimo vya kulifikia. Siwatetei, lakini nasema wazi kwamba mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, kwa kuwa alama zangu zililipa ulinganifu na kitabu.

Swali sasa likawa la kifizikia: ikiwa daftari la kundi la nne ni la kweli, kwa nini bomba linaonekana kupoteza joto zaidi ya mara tatu ya kiasi kinachotabiriwa?

Sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa muda. Kundi lilisoma vipimo dakika 30 baada ya kuwasha hita, kama karatasi ilivyoelekeza. Bomba la shaba la ukubwa huo pamoja na kiini chake cha udongo lina uwezo wa kutunza joto wa takriban juli 800 kwa kila nyuzi, na kwa kasi ya upotevu wa joto tuliyoipima, kipindi chake cha kupanda, yaani muda wa kufika karibu theluthi mbili ya mwinuko wa mwisho, ni kama dakika 20. Maana yake ni kwamba baada ya dakika 30 bomba limefika chini kidogo ya asilimia 80 tu ya mwinuko wake wa mwisho wa halijoto, na sehemu ya wati 30 bado inaingia ndani ya shaba kulipasha lenyewe badala ya kutoka nje. Tuliporudia jaribio tuliacha hita iwake kwa karibu saa mbili, tukaandika T4 kila baada ya dakika 10 mpaka iliposimama. Vipimo vya mwisho, kutoka chini kwenda juu, vilikuwa 62, 68, 71, 73, 75, 76 na 72. Wastani ni nyuzi 71, hewa ilikuwa 29, tofauti ni 42. Kizigeu kikashuka kutoka 15.2 hadi 12.

Katika kurudia huko tulikutana pia na jambo la pangaboi. Chumba chetu cha maabara kina joto, kiko karibu na bahari, na hakuna anayezima pangaboi bila kuombwa. Nilimwomba mwanafunzi mmoja awashe ubani na kuushika chini ya mdomo wa sanduku. Pangaboi likiwa linazunguka, moshi uliingia kwa kuyumba, ukagonga kioo, na wakati mwingine ukatokea tena chini. Tulipolizima na kungoja dakika chache, moshi ulinyooka ukawa uzi mwembamba uliolishika bomba na kupanda nalo, ukikaribia ukuta wa shaba upande wa chini na kupanuka taratibu kadiri ulivyokwenda juu. Wanafunzi waliinama wote mbele ya kioo. Ule uzi uliopanuka ndio tabaka la mpaka ambalo nimekuwa nikilichora ubaoni kwa miaka mingi: hewa iliyogusa shaba imepata joto, imepanuka, imekuwa nyepesi kuliko hewa ya jirani, ikapanda, na kwa kuwa tabaka lenyewe linanenepa kwenda juu, joto linapata shida zaidi kulivuka, ndiyo maana T6 ni kubwa kuliko T2. Vipimo vyote ninavyovitaja katika kisa hiki baada ya siku ile vilichukuliwa pangaboi likiwa limezimwa na mlango umefungwa.

Hata hivyo 12 bado iko mbali na 4.5, na kabla ya kulilaumu bomba ilinipasa nihakikishe kwamba kitabu chenyewe kinasema nini. Namba inayotawala hapa ni ya Rayleigh, ambayo hupima kani ya kuelea ya hewa ya moto dhidi ya mnato wa hewa na kusambaa kwa joto ndani yake. Kwa bomba letu, kwa tofauti ya nyuzi 42, namba hiyo ni karibu milioni 350, chini ya bilioni moja ambapo mtiririko wa wima huanza kuvurugika. Kanuni ya zamani inayofundishwa kila mahali huzidisha mzizi wa nne wa namba ya Rayleigh kwa 0.59, kisha kwa upitishaji joto wa hewa uliogawanywa kwa urefu wa bomba, na kutoa kizigeu cha 4.5. Mlinganyo wa Churchill na Chu wa mwaka 1975 hutoa 4.0 kwa hali hiyohiyo. Kumbe vitabu vyenyewe vinapishana kwa zaidi ya asilimia 10. Tena kanuni zote mbili ni za bamba bapa la wima, na bomba linaruhusiwa kuhesabiwa kama bamba pale tu kipenyo chake kinapokuwa kikubwa vya kutosha ukilinganisha na unene wa tabaka la mpaka. Kwa urefu wetu wa milimita 500, kipenyo kilipaswa kufika karibu milimita 117. Letu lina 38. Uso uliopinda kiasi hicho hutoa joto zaidi kuliko bamba, katika hali yetu kama asilimia 16 zaidi, kwa hiyo utabiri wa haki ni kati ya 4.6 na 5.2. Marekebisho hayo ni ya lazima, ingawa hayakuweza kuziba pengo la kutoka 5 hadi 12.

Aliyefungua fundo ni fundi wetu wa maabara, mzee aliyekipokea kifaa hicho kilipoletwa. Alikuwa anapita na ndoo, akatukuta tumeinama, akatazama bomba kupitia kioo na kusema: "Hili lilipokuja lilikuwa linang'aa kama kioo. Ulikuwa unajiona sura." Sasa bomba lilikuwa la kahawia iliyokolea, karibu jeusi sehemu za katikati, kwa miaka ya hewa ya chumvi na kupashwa joto mara kwa mara.

Wanafunzi wetu wanajua tangu shule ya msingi kwamba joto husafiri kwa njia tatu, mpitisho, myuko na mnunurisho, yaani mionzi ya joto. Wanaziandika kwenye mtihani zikiwa tatu, kisha wanakuja maabara na kupewa karatasi inayohesabu moja tu. Wati 30 za hita haziulizi jina la jaribio. Zinatoka kwa njia zote zilizo wazi. Kwa mnunurisho, kiasi kinachotoka hutegemea tofauti ya nguvu ya nne (kipeo cha nne) ya halijoto kamili, yaani ya kelvini, kati ya bomba na kuta, mara kizigeu cha uso, yaani kipimo cha wepesi wa uso kutoa mionzi, ambacho kwa shaba iliyong'arishwa vizuri ni karibu 0.05 na kwa shaba yenye ukoko mnene wa oksidi ni karibu 0.78. Kwa bomba la nyuzi 71 ndani ya kuta za nyuzi 29, uso kamili mweusi ungetoa wati 19.2. Zidisha kwa 0.78 unapata wati 15. Nusu ya umeme wetu ilikuwa inaondoka kama mnunurisho, ikigonga kuta za mbao na kioo, na karatasi ya maelekezo ilikuwa inaihesabu kana kwamba imebebwa na hewa.

Yaliyobaki ni wati 15, na kizigeu kinakuwa 6.0.

Nilitaka ushahidi ambao hautegemei jedwali la kitabu kuhusu ukoko wa oksidi, kwa sababu namba ya 0.78 niliichukua kwa kutazama rangi tu. Basi tulilitoa bomba, tukalisugua kwa msasa laini kisha kwa dawa ya kung'arishia shaba. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima, na vitambaa viligeuka vyeusi kimoja baada ya kingine. Tulilirudisha na kurekebisha volteji polepole mpaka wastani wa themokapo saba ukasimama tena kwenye nyuzi 71, chumba kikiwa na nyuzi 29. Safari hii hita ilihitaji wati 16 tu. Wiki iliyofuata tulilipaka rangi nyeusi isiyong'aa, ambayo kizigeu chake ni karibu 0.95, tukalipeleka kwenye nyuzi 71 zilezile. Ilihitaji wati 33. Bomba ni lilelile, hewa ni ileile, tofauti ya halijoto ni ileile, kwa hiyo myuko haukuwa na sababu ya kubadilika. Kilichobadilika ni ngozi ya shaba peke yake. Tofauti ya wati 17 kati ya majaribio hayo mawili inapaswa kuwa mnunurisho, na hesabu ya nguvu ya nne inatoa 17.3. Nimefundisha somo hili kwa muda mrefu na sijawahi kuona darasa likinyamaza kama lilivyonyamaza namba hizo mbili zilipoandikwa ubaoni.

Fundi alikwenda stoo akarudi na daftari la miaka ya mwanzo ya kifaa. Humo, kwa mwandiko wake mwenyewe, mlikuwa na jaribio la wati 16 ambalo wastani wa bomba ulikuwa nyuzi 70 na chumba nyuzi 28. Tofauti ni ileile, 42. Kwa karatasi ya maelekezo, jibu la siku hizo lilikuwa 6.4, juu ya kitabu, na hakuna aliyelalamika. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha kisa chote. Karatasi ilipoandikwa, kuuacha mnunurisho lilikuwa kosa la takriban wati moja kati ya 16, kosa ambalo mwalimu anaweza kulivumilia kwa ajili ya wepesi wa somo. Karatasi haikubadilika. Bomba ndilo lililobadilika, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kosa la wati moja likawa la wati 15, na kadiri pengo lilivyopanuka ndivyo wanafunzi walivyozidi kujifunza kupika vipimo, na ndivyo sisi tulivyozidi kuona ripoti nzuri.

Kosa la kuchanganya njia za joto lina historia ndefu. Dulong na Petit, huko Ufaransa mwaka 1817, walipima namna kipimajoto kinavyopoa ndani ya chombo kilichotolewa hewa, wakatunga kanuni ya mnunurisho iliyotumika kwa miongo kadhaa. Josef Stefan wa Vienna alipovipitia tena vipimo vyao mwaka 1879 alionyesha kwamba hewa kidogo iliyobaki ndani ya chombo ilikuwa bado inabeba joto, na kwamba kiasi hicho kikiondolewa, vipimo vinakubaliana na nguvu ya nne ya halijoto kamili. Wao waliihesabia mionzi joto la hewa, sisi tuliihesabia hewa joto la mionzi. Nililisimulia hili darasani kwa makusudi, ili wanafunzi wa kundi la nne wajue kwamba daftari lililokataa kukubaliana na kanuni limewahi kuzaa kanuni bora.

Bado kulikuwa na tofauti kati ya 6.0 na utabiri wa 4.6 hadi 5.2. Dalili yake ilikuwa machoni petu tangu mwanzo, katika T7. Kwa nadharia, themokapo ya juu kabisa ndiyo ingepaswa kuwa ya moto kuliko zote, lakini ilisoma 72 wakati T6 ilisoma 76. Joto lilikuwa linavuja kwa mpitisho kupitia kifuniko cha bakelaiti, nyaya za hita na kishikio cha juu. (Majedwali ya makundi yale matatu hayakuwa na mshuko huo, na mtu anayekijua kifaa angeweza kuwakamata kwa T7 peke yake.) Tulipofunika ncha zote mbili kwa pamba ya kioo, bomba likiwa limeng'arishwa, umeme uliohitajika kushika nyuzi 71 ulishuka kwa karibu wati moja na nusu, na kwa kuwa pamba haizuii joto lote, nikakadiria uvujaji wa ncha kuwa wati 2. Ondoa hizo kwenye wati 15, zinabaki 13, na kizigeu cha myuko kinakuwa 5.2. Hapo nilisimama, kwa sababu kanuni za kitabu zenyewe zinapishana kwa zaidi ya kiasi kilichobaki.

Anayedhani haya ni mambo ya darasani tu na atazame transfoma iliyo juu ya nguzo ya umeme mtaani kwake. Mafuta yaliyo ndani hupanda na kushuka kwa myuko huru, na mapezi ya nje hutoa joto kwa myuko na mnunurisho kwa pamoja. Mhandisi aliyefundishwa kwamba 12 yote ni kazi ya hewa anaweza kuidhinisha uso wa alumini unaong'aa mahali palipokuwa na rangi, akiamini kwamba hewa itaendelea kubeba kila kitu.

Nilibadilisha alama za kundi la nne na kuwaeleza sababu mbele ya wenzao. Makundi mengine matatu yalirudia jaribio, yakileta madaftari ya mkono pamoja na ripoti. Karatasi ya maelekezo niliiandika upya: hakuna kusoma vipimo kabla T4 haijakaa dakika 10 bila kusogea zaidi ya nusu nyuzi, pangaboi linazimwa, hali ya uso wa bomba inaandikwa ukurasa wa kwanza kama vile volteji inavyoandikwa, na mnunurisho pamoja na uvujaji wa ncha vinatolewa kwenye wati kabla ya kugawanya chochote. Nimeacha pia nafasi tupu ya kueleza tofauti inayobaki, na nafasi hiyo ina alama nyingi kuliko jibu.

Muhula uliofuata nililing'arisha tena bomba na kuliuliza darasa swali moja kabla ya kuwasha: tukiliwekea wati 30 zilezile, safari hii litafika nyuzi ngapi? Wengi walisema 71, kwa kuwa umeme haukubadilika. Kundi moja lilikaa na kikokotoo kwa karibu nusu saa, likakisia na kurekebisha, likaandika ubaoni 99. Tuliwasha hita saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tano na nusu namba zilikuwa zimesimama, na wastani wa themokapo saba ulisoma 98.